Barua kutoka Uingereza: Kuchaji Gari la Umeme Nyumbani

Kwa ndugu na jamaa wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa

Gari la umeme huchajiwa kwa umeme uleule unaowasha taa na friji, lakini huuvuta kwa namna ambayo nyaya za nyumba nyingi hazikuizoea. Birika huvuta umeme mwingi kwa dakika tatu au nne, kisha hujizima. Pasi huwaka na kuzima kadiri inavyopata moto na kupoa. Gari hushika ampea 10 bila kupumzika kwa saa sita, nane, hata kumi, na kesho yake hurudia hivyo hivyo. Matatizo mengi ya kuchaji nyumbani yanaanzia hapo, na ndiyo sababu mmiliki mpya anafaa kuukagua ukuta wa nyumba yake kabla hata gari halijashuka melini.

Katika jambo hili uzoefu wa Uingereza unafaa sana Afrika Mashariki, kwa kuwa plagi ni ileile. Plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ndani, ya kiwango cha BS 1363, ndiyo inayotumika Uingereza, Kenya na Tanzania. Imeandikwa ampea 13, na wengi hudhani kwamba soketi yake inaweza kutoa ampea 13 usiku kucha. Haikuundwa kwa kazi hiyo. Kebo za kuchajia magari zinazouzwa na plagi hii hupunguzwa kwa makusudi ziishie ampea 10, yaani kilowati 2.3 kwa voliti 230, na hata kiasi hicho huifikisha soketi ya zamani mwisho wa uwezo wake.

Dalili za soketi iliyochoka huonekana kwa macho. Plagi ikichomolewa baada ya saa kadhaa za kuchaji, pini iliyo upande wa fyuzi huwa na rangi ya kahawia au samawati badala ya mng'ao wa shaba. Usoni mwa soketi, kuzunguka tundu la pini hiyo, plastiki nyeupe huanza kuwa ya manjano, baadaye hudhurungi, na harufu kama ya samaki aliyeoza inaweza kutoka ukutani. Ndani, vibano vya shaba vinavyoishika pini vimelegea. Mguso ukiwa mdogo, joto huzaliwa. Joto hulegeza vibano zaidi, na joto likazidi. Fyuzi haikatiki, kwa sababu umeme unaopita ni ampea 10 zilezile. Breka nayo haioni kosa lolote. Mtu ndiye anayepaswa kuliona. Njia rahisi ni kuigusa plagi baada ya saa moja ya kuchaji: ikiwa ya uvuguvugu, hakuna neno, ikiwa ya moto kiasi cha mkono kushindwa kutulia juu yake, kuchaji kusimamishwe hapohapo na soketi ibadilishwe.

Uingereza zinauzwa soketi za ampea 13 zilizopimwa kwa mzigo wa muda mrefu, zenye alama ya EV kwa nyuma. Ni bora kuliko za kawaida, lakini nazo ni za dharura tu au za mwenye matumizi madogo. Ekstensheni, hasa ile ya kukunjwa kwenye gurudumu lake, haifai kabisa. Waya uliozungushwa hauwezi kutoa joto lake nje, na plastiki yake huyeyuka katikati ya gurudumu, mahali ambapo hapaonekani. Adapta ya safari ya kugeuza pini nayo iwekwe mbali.

Suala la adapta huwahusu zaidi wanaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani, na hao ni wengi. Nissan Leaf ya Japani huja na tundu la Taipu 1 kwa kuchaji polepole na CHAdeMO kwa kuchaji haraka. Leaf zilizouzwa Uingereza kuanzia 2018 zina Taipu 2 mahali pa Taipu 1. Kebo inayokuja na gari la Japani imetengenezwa kwa umeme wa huko, wa voliti 100 au 200, na plagi yake haina mahali pa kuchomekwa Dar es Salaam wala Nairobi. Mafundi wengi huikata na kufunga plagi ya pini tatu. Tanzania umeme wa nyumbani ni wa voliti 230, Kenya ni 240, na usiku wa manane, watu wakiwa wamezima vitu vyao, unaweza kupanda zaidi ya hapo. Kifaa cha voliti 100 kitaungua. Cha voliti 200 kinaweza kufanya kazi kwa muda, lakini kinafanya kazi nje ya kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko chake. Ndugu anayetuma gari kutoka ughaibuni angewafaa zaidi wa nyumbani kwa kuweka ndani ya buti kebo iliyoandikwa voliti 220 hadi 250, yenye kichwa kinacholingana na tundu la gari hilo.

Baada ya soketi, jambo zito zaidi ni ethi. Kebo ya kuchajia si waya mtupu. Kisanduku kilicho katikati yake hupima kwanza kama kuna ethi, kisha ndipo huruhusu umeme kwenda garini. Ethi isipokuwepo, taa nyekundu huwaka na gari halichaji. Hii ndiyo sababu jenereta ndogo mara nyingi hushindwa kulichaji gari hata kama ina nguvu ya kutosha. Nyumbani, taa nyekundu huwa inasema kweli: fimbo ya ethi ilichimbiwa miaka mingi iliyopita na imeliwa na kutu, waya wake umekatwa wakati wa kupaka rangi, au haikuwekwa kabisa. Wapo mafundi wanaoizima taa hiyo kwa kuunganisha ethi na nyutro ndani ya plagi. Kisanduku kinadanganyika, gari linachaji, na mteja anaondoka na furaha. Siku waya wa nyutro utakapokatika huko nje, bodi nzima ya gari inaweza kuwa na umeme, na wa kwanza kuujua atakuwa mtoto anayeligusa gari akiwa pekupeku kwenye ardhi yenye maji. Fundi anayependekeza njia hiyo aambiwe akusanye vyombo vyake aende.

Ethi nzuri hupimwa kwa kifaa, haikadiriwi. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hutegemea fimbo yao wenyewe iliyochimbiwa uani, na udongo ukikauka wakati wa kiangazi, upinzani wake hupanda. Kwa hiyo kipimo cha Machi baada ya mvua za kwanza hakitoshi. Kinafaa kurudiwa kiangazi. Sambamba na ethi inahitajika swichi ya RCD ya miliampea 30, inayokata umeme pindi unapovuja kupitia mwili wa mtu. Iwe ya aina A, kwa sababu gari la umeme linaweza kuvujisha umeme mnyoofu (DC) kidogo, na RCD ya aina AC, ambayo ndiyo imejaa madukani, hupofushwa na uvujaji huo.

Kinachobaki ni kuchagua mahali pa kuchomekea. Matangazo humwonyesha mmiliki chaja ya ukutani ya kilowati 7.4, na Uingereza hiyo ndiyo iliyozoeleka. Inavuta ampea 32, inataka waya wa milimita 6 au zaidi, na katika nyumba ya fezi moja yenye hita ya maji, kiyoyozi na jiko la umeme, inaweza kuangusha swichi kuu kila jioni. Tena kasi yake hutegemea chaja iliyo ndani ya gari lenyewe. Leaf nyingi za Japani hupokea kilowati 3 tu; zenye uwezo wa kilowati 6 zilikuwa za kuagizwa kwa nyongeza ya bei. Kumfungia mwenye gari la kilowati 3 chaja ya kilowati 7.4 ni kumlipisha kitu asichoweza kukitumia.

Kwa familia nyingi, chaguo la busara liko katikati: laini ya pekee kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba hadi mahali gari linapoegeshwa, yenye breka yake ya ampea 16, RCD yake, waya wa shaba wa milimita 4, na mwishoni soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16 yenye kifuniko cha kuzuia maji. Soketi hiyo iliundwa kwa mashine zinazofanya kazi mchana kutwa. Pini zake ni nene, za mviringo, na hushikwa kwa nguvu. Kwa gari linaloweza kuzipokea, kilowati 3.7 zinazopita hapo kwa saa nane ni karibu uniti 29 (uniti moja ni kilowati-saa moja), kiasi kinachokaribia kuijaza betri ya Leaf ya kilowati-saa 40 iliyokuwa imebaki robo. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya chaja ya ukutani, na siku chaja hiyo ikihitajika, bomba na njia ya waya tayari vipo. Waya ukaguliwe kabla ya kuzikwa ukutani, kwa maana nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu zinauzwa kama shaba halisi, na ukiukwangua kwa kisu weupe wake hujitokeza.

Hesabu ya matumizi ni rahisi. Leaf huenda takriban kilomita 6 kwa uniti moja, na sehemu ya kumi ya umeme au zaidi kidogo hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Anayetembea kilomita 40 kwa siku atahitaji kama uniti 8 kutoka kwenye mita. Kwa shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, hiyo ni shilingi 2,800. Hapa kuna mtego mmoja: nyumba iliyo katika kundi la D1 hunufaika na bei ya chini kwa sababu haizidi uniti 75 kwa mwezi, na gari peke yake litakula karibu uniti 240. Familia ijue mapema kwamba bei hiyo ya chini itaondoka, na kwamba umeme wa friji na taa nao utalipwa kwa bei mpya. Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji magari mwaka 2023, shilingi 16 kwa uniti wakati wa matumizi makubwa na 8 wakati wa matumizi madogo, kabla ya kodi na makato mengine, kwa mita iliyotengwa kwa kazi hiyo. Mwenye gari atakayetumia mita ya kawaida ya nyumbani hataipata.

Uingereza umeme wa usiku wa bei nafuu si jambo geni: mpango wa Economy 7, wenye saa saba za bei ya chini, ulianza 1978. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2022, chaja mpya za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kutochaji siku za kazi kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, wala kati ya saa kumi jioni na saa nne usiku, mpaka mwenyewe abadilishe. Utaratibu huo unafaa kuigwa hata pale ambapo bei haibadiliki usiku. Jioni mtaa mzima unapopika, kupiga pasi na kutazama taarifa ya habari, umeme hushuka, na gari likiongezwa juu yake taa za jirani hufifia. Baada ya saa tano usiku mzigo umepungua, hewa imepoa, na betri nayo imepoa.

Gari lenyewe lina saa ya kupanga muda wa kuanza kuchaji. Kwa gari la Japani ihakikishwe kwanza, kwa kuwa huenda bado inafuata majira ya Tokyo, saa sita mbele ya Afrika Mashariki: aliyepanga kuanza saa sita usiku atakuta gari limeanza saa kumi na mbili jioni, kwenye kilele cha matumizi. Penye mita ya kulipia kabla, ya LUKU au tokeni, uniti za kutosha ziwepo kabla ya kulala. Zikiisha saa tisa usiku, si gari tu litakalosimama, bali na friji yenye nyama ya wiki.

Nyumba za kupanga zina shida zake. Pale ambapo vyumba vitano vinachangia mita moja na kugawana bili kwa usawa, gari la mpangaji mmoja litaleta ugomvi ndani ya mwezi wa kwanza, na wenzake watakuwa na haki. Mita ndogo ya kusoma, ikifungwa kwenye laini ya gari peke yake, huonyesha uniti zilizotumika, na mwenye gari hulipa zake mbele ya wote. Makubaliano hayo yaandikwe na mwenye nyumba ahusishwe, kwa sababu nyaya ni zake.

Betri inataka mambo machache. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, kwa hiyo joto la pwani ndilo adui yao mkubwa. Gari lililotoka safari ndefu mchana lipumzike kivulini kabla ya kuchajiwa. Kwa siku za kawaida, kati ya asilimia 20 na 80 inatosha, na kujaza kabisa kuachwe kwa usiku wa kuamkia safari. Magari yenye betri za LFP (za lithiamu, chuma na fosfeti), kama BYD nyingi, ni tofauti: hujazwa hadi 100 mara kwa mara ili kipimo cha chaji kisipotoke.

Wakati wa masika, mvua juu ya kichwa cha kebo kilichokaa vizuri garini haina madhara. Kinacholindwa ni kisanduku na plagi: vining'inizwe ukutani, visilale chini ambako maji hukusanyika. Gari lililosimama kwenye maji ya mafuriko lisichajiwe mpaka likaguliwe. Mombasa, Tanga na Zanzibar chumvi ya bahari hula pini haraka, hivyo soketi ya nje ifunguliwe na fundi kila mwaka, skrubu zake zikazwe, na ethi ipimwe upya siku hiyohiyo.