Jiko la Nje Lifuate Upepo, Lisifuate Picha

Siku hizi mtu akijenga nyumba Nyali, Mtwapa au Malindi, akabakiwa na kipande cha uwanja, jambo la kwanza analolifikiria baada ya geti na tangi la maji ni mahali pa kuchomea nyama. Humletea fundi picha ya bustani ya Ulaya aliyoiona katika simu yake. Fundi naye hakatai kazi. Humjengea dude la mawe lenye bomba la moshi, rafu ya kuni na kinywa kipana kinachoelekea barazani. Miezi sita haipiti, dude lile limegeuka malazi ya paka na ghala la ndoo mbovu, na nyama inachomwa palepale ilipokuwa ikichomwa zamani, juu ya jiko la makaa lililowekwa chini ya mwembe.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo la anasa, la wenye nafasi, lisilostahili kalamu. Sivyo. Ndani yake mna haki ya jirani, mna fedha zinazopotea bure, na mna roho za watu. Na mna ajabu moja: sisi watu wa pwani, tuliopika nje tangu enzi na enzi, leo tunakwenda kujifunza kupika nje kwa watu ambao moto wao wa bustanini kazi yake ya kwanza ni kuota.

Hilo la kuota ndilo linalosahauliwa. Katika nchi za baridi jiko la bustanini hujengwa ili watu wakae nje jioni bila ya kutetemeka, na ndiyo sababu mgongo wake huzibwa na kinywa chake kikaelekezwa kwa waliokaa. Mombasa mwezi wa Februari, saa tatu ya usiku, jasho linatiririka mtu akiwa amekaa kitako tu, nani ataka kuelekezewa kinywa cha moto? Haja yetu sisi ni kupika, na kisha kuuondosha moshi na joto visitufikie. Nyumba za mawe za Lamu ziliweka jiko juu kabisa, chini ya paa la makuti, moshi ukaenda zake na vyumba vya chini vikabaki na ubaridi wake. Nyumba za Kiswahili za mitaa kama Majengo ziliweka jiko uani, nyuma, mbali na baraza ya wageni, wanawake wakapika kwa sitara yao. Hakuna hata moja katika hizo iliyoupeleka moto mbele ya wageni.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo picha inapomdanganya mtu zaidi. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kiasi cha tangu Desemba hadi Machi, na kusi huvuma tangu Aprili au Mei hadi Septemba. Jiko la mawe haligeuki. Fundi akiliweka sawasawa kwa kaskazi, kusi ikiingia moshi wote unakwenda katika dirisha la chumba cha kulala, au, lililo baya zaidi, katika dirisha la jirani. Mwenye kutaka kujenga na ajenge, lakini kwanza awashe konzi ya makumbi mahali pale alipopachagua, siku moja ya kaskazi na siku moja ya kusi, saa ile ile ya jioni ambayo atakuwa akipika, atazame moshi unakwenda wapi. Asiyeweza kungoja misimu miwili na anunue jiko la kubebeka. Mimi nalipendelea hilo la kubebeka hata kwa mwenye uwanja wa ekari nzima, kwa kuwa mtu huliinua akalipeleka upepo utakako.

Tuje kwenye mawe yenyewe. Pwani hii mawe tuliyonayo ni ya matumbawe, iwe ni yale ya kuokota au yale yanayokatwa kwa msumeno machimboni. Sasa jamani, chokaa tunayopakia nyumba hutoka wapi? Wazee walipanga magogo kwa mviringo, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto, na baada ya siku kadhaa yale mawe yakawa chokaa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka wa 1954 kwa sababu mawe ya namna hiyo yapo pale tele. Jiwe la matumbawe likifika joto la nyuzi 900 hivi hugeuka chokaa, na makaa yanayopepewa vizuri hayako mbali na joto hilo. Kabla ya kufika huko, maji yaliyojificha katika matundu ya jiwe hugeuka mvuke na kulipasua, na kipande kikaruka. Basi anayejenga jiko kwa matumbawe anajenga tanuri la chokaa bila ya kujua. Litammomonyokea, na mvua ya masika ikinyesha atakuta uji mweupe. Saruji nayo hupasuka ikikaribiana na moto. Anayetaka jiko la kudumu na atumie matofali ya udongo yaliyochomwa ayashikanishe kwa udongo upande ule unaoguswa na moto, na saruji yake aiweke nje. Na juu pawe na kipaa cha mabati, kiwe mbali na moto. Makuti hapana kabisa.

Katika majiko ya kubebeka, mtu ana wasaa wa kuchagua. Mafiga matatu yangali na kazi yake, hasa kwa masufuria ya pilau ya arusi, ambayo sijaona jiko la dukani liwezalo kuyabeba. Lakini hula kuni nyingi na moshi wake ni mwingi. Jiko la bati tupu ni rahisi, huwaka upesi, na huchoma makaa upesi vilevile, kwani nusu ya joto lake hutoka ubavuni na kumwunguza mpishi miguu. Lililo bora ni lile la bati lenye kiuno, lililotandazwa udongo wa kuchomwa ndani. Hilo lilianza kuenea Kenya mapema katika miaka ya 1980, asili yake ni jiko la ndoo la Thailand, nao mafundi wa Shauri Moyo, Nairobi, wakalishika wakalifanya lao. Hupunguza makaa kwa kiasi cha robo au zaidi. Ukilinunua, ligonge kwa kidole upande wa udongo: likilia kama kikombe ni zima, likilia kama debe lenye mchanga lina ufa. Na usimwage maji ndani likiwa la moto.

Wengi hupenda pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likatiwa miguu na wavu. Kwa mishikaki ya watu hamsini halina mfano. Lakini muulize muuzaji pipa lilikuwa na nini. Lililokuwa na dawa za mashamba au za viwandani liache hapo hapo, hata akupe bure. Lililokuwa na mafuta ya kupikia litie moto mkubwa mara mbili bila ya chakula, rangi yote iungue. Wavu nao usiwe ule unaong'aa wa kuzungushia kuku, kwa kuwa umepakwa zinki na zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu. Tafuta nondo nyembamba au wavu wa chuma kitupu. Na chochote ununuacho, kumbuka kwamba bahari hula chuma. Jivu likiachwa ndani likaingia umande wa chumvi, halichukui miaka miwili jiko likatoboka. Limwage jivu kila mara likishapoa, ulifunike jiko. Majiko ya gesi ya kuchomea nayo yapo, ni safi, lakini vitundu vyake huziba kwa kutu, na ladha ya moshi haipo. Sina la zaidi juu yake.

Juu ya makaa nina neno zito kidogo. Watu wetu husifu makaa ya mikoko, na kweli huwaka kwa nguvu na kukaa. Lakini mikoko ndiyo malezi ya kamba na samaki tunaotaka kuwachoma juu yake. Atakaye makaa magumu na atafute ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa na kisha ukavamia malisho ya wafugaji pande za Mto Tana; kuukata huo ni kuwasaidia watu. Vifuu vya nazi navyo ni hazina tunayoitupa jaani. Vifuu vikavu huwasha moto mara moja, na makaa yake ni makali, hayana moshi. Makumbi tuyaachie kazi ya kufukuza mbu. Mafuta ya taa yasitumike kuwashia jiko la kuchomea, kwa kuwa harufu yake huingia katika nyama, na anayeyamwaga juu ya makaa yaliyokwisha shika hujitia moto mwenyewe. Kaa moja la moto kutoka jiko la jirani, kama walivyofanya mama zetu, lawasha jiko lako kwa dakika chache na huleta maamkuzi juu yake.

Kuchoma kwenyewe ni subira. Ngoja mpaka makaa yavae jivu jeupe. Ndimi za moto zikiwapo nyama huungua nje na kubaki mbichi ndani. Yasukume makaa mengi upande mmoja, upande wa pili uwe na machache, ili upate pa kuihamishia nyama mafuta yakidondoka na kuwaka. Samaki wa kupaka, changu au tafi, na aive kwanza pande zote mbili akiwa mkavu, ndipo apakwe tui zito lenye ukwaju na pilipili, tena mara mbili tatu kwa moto mdogo. Anayepaka mapema hula ngozi iliyobaki juu ya wavu. Na wale wenye kupika wali uani wasilisahau pipa lile: makaa yanayobaki ndiyo ya kupalia juu ya kifuniko, na kaa la mwisho ni la chetezo.

Nalotaka kulisema kwa nguvu ni la jirani. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwusia Abu Dharri kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani zake. Mchuzi ni kitu cha ndani ya chungu. Sembuse mishikaki, ambayo harufu yake hupanda kuta na kuingia nyumba kumi? Nyuma ya ukuta ule huenda yupo mjane mwenye mayatima ambao tangu Idi hawajaonja nyama. Yupo na mgonjwa wa pumu. Ukiwasha jiko kila Jumamosi na moshi ukawaingilia, ukuta wako mrefu haukuondolei dhima. Mimi naona mwenye jiko la nje ana mambo mawili yanayomlazimu: moshi wake asiwapelekee, na sahani awapelekee. Na wakati wa magharibi, msikiti ukiwa upande wa chini ya upepo, na angoje watu waishe kuswali.

Ama roho za watu, kila msimu wa mvua na baridi twasikia habari za watu walioingiza jiko la makaa chumbani wakafunga madirisha, na asubuhi wakakutwa wamekufa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema, na mtu hupitiwa na usingizi asiamke. Mvua ikikukuta unachoma, iache nyama ilowe. Jiko lisivuke kizingiti. Na katika hadithi zilizo sahihi tumekatazwa kuuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Ilipopatikana habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina, Mtume aliwaambia watu kwamba moto huu ni adui yenu. Makaa yaliyofunikwa jivu hukaa hai hadi alfajiri, na upepo wa usiku huchukua cheche moja tu kuipeleka katika makuti. Yazime kwa mchanga au uyatie katika debe lenye kifuniko.

Nimewaandikia wenye uwanja, lakini wengi wetu mjini hatuna tena uwanja. Nyumba za ua zinavunjwa, panajengwa maghorofa ya vyumba viwili viwili, na mama wa nyumba anayetaka kuchoma samaki wake huliweka jiko katika ujia au kwenye ngazi, pale pale ambapo watu wangekimbilia nje kukitokea moto. Wenye majumba wafikirie jambo moja wala haliwagharimu sana. Juu ya kila ghorofa pana sakafu ya bure inayowekwa matangi na nguo za kuanika. Jengeni huko, kama nyumba za Lamu, jiko la pamoja: ukuta wa kifua na kitu wa kuleta sitara, kipaa cha mabati, bomba la maji, ndoo mbili za mchanga, na mlango usiofungwa kwa kufuli ya mlinzi. Kila mpangaji apande na jiko lake la kiuno.