Bakteria wa Migomba Yetu
Wenzangu kadhaa wa bwenini husema kwamba habari za jeni hazimfai mtoto wa mkulima wa Ihanda. Mimi sikubali. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Kagera mwaka 2006, huletwa na bakteria. Kwa ajili yake shamba la babu yangu lilikatwa lote, tukawa watu wa kununua ndizi sokoni. Aibu iliyoje kwa Mnyambo!

Bakteria huyo husoma maagizo ya jeni zake kwa maneno ya herufi tatu tatu, yaitwayo kodoni. Kodoni 61 hutaja asidi amino 20 tu. Lusini peke yake ina sita. Lakini kila kiumbe ana zile azipendazo, kama sisi tusemavyo ebitooke na watu wa pwani ndizi. Huyu wetu hupenda zinazoishia kwa G au C. Jeni ngeni yenye kodoni adimu aghalabu husomwa polepole, na protini ikawa haba. Hivyo wataalamu wahamishao jeni mara nyingi huiandika upya kwanza.

Huko Kawanda, Uganda, mwaka 2010 walianza kujaribu shambani migomba iliyotiwa jeni za pilipili hoho ili ishindane na mnyauko. Mtu wa Karagwe wa kazi hiyo atatoka wapi, ikiwa twaruka mlango huo wa kitabu kwa kuwa hauulizwi sana mtihanini?