Tamasha lisilotunzwa na mwenyewe hutunzwa na mwizi

Mwezi wa Desemba 1969, huko California, Marekani, ilianza kuuzwa santuri moja ya ajabu. Jalada lake lilikuwa jeupe tupu, bila picha, na kichwa chake kilikuwa kimegongwa kwa muhuri wa mpira: Live'r Than You'll Ever Be. Ndani mulikuwa nyimbo 10 za Rolling Stones, kundi la rock kutoka Uingereza, zilizochukuliwa tarehe 9 Novemba katika ukumbi mkubwa wa michezo wa Coliseum, mjini Oakland. Aliyezichukua hakuwa fundi wa kundi. Alikuwa mtazamaji kati ya watazamaji, mwenye mikro na mashine ya kanda. Kundi halikuombwa ruhusa, kampuni yake Decca haikuombwa, na pesa za mauzo hazikuwafikia wanamuziki.

Zaidi ya miaka 50 imepita, lakini ubishi juu ya santuri hiyo haujazeeka. Leo kila anayeingia uwanjani na telefone mkononi amebeba mashine nyepesi kuliko ile ya Oakland. Kusema kwamba santuri ile ilikuwa wizi ni kusema kweli. Ila hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba wenye usiku ule hawakutoa chochote cha usiku ule, na mahali mwenyewe anapoacha wazi, mwizi hakawii kuingia.

Ili kuelewa kwa nini watu waliigombania santuri hiyo, ni lazima kurudi kwenye hali ya kundi wakati ule. Rolling Stones hawakuwa wamefanya ziara Marekani tangu mwaka wa 1966. Mwezi wa Juni 1969 waliachana na Brian Jones, mmoja wa waanzilishi, naye akafariki tarehe 3 Julai. Mahali pake palichukuliwa na Mick Taylor, mpiga gitaa mwenye umri wa miaka 20. Ziara mpya ilianza tarehe 7 Novemba katika mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado. Siku mbili baadaye walikuwa Oakland, wakiwa na maonyesho mawili kwa usiku mmoja. Yaani kundi lilikuwa bado linajipanga, na kijana mgeni alikuwa bado anatafuta nafasi yake pembeni ya gitaa la Keith Richards.

Mambo hayakwenda sawa usiku huo. Ampli ziliharibika katika onyesho la kwanza, na ikabidi kutumia vyombo vya kundi jingine, Grateful Dead, wenyeji wa eneo hilo. Ratiba ikavurugika na onyesho la pili likachelewa sana. Sehemu kubwa ya santuri ya magendo ilitoka katika onyesho hilo la pili, mbele ya watu waliokuwa wamengoja kwa muda mrefu. Tena baadhi ya nyimbo zilikuwa za albamu Let It Bleed, ambayo siku hiyo ilikuwa haijafika sokoni. Wengi waliokuwa ukumbini walikuwa wanazisikia kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo thamani ya kanda ile ilipo. Muziki wa mwanzo wa ziara unakuwa na ulegevu wake. Wapigaji hawajazoeana, wimbo unarefushwa au kufupishwa hapo hapo, mmoja anamfuata mwenzake kwa kumsikiliza na wala si kwa mazoea. Baada ya wiki tatu barabarani, kundi hilo hilo linakuwa limekaza kamba: kila kitu kiko mahali pake, na kosa halionekani tena. Msikilizaji anayetaka ukamilifu atachagua usiku wa mwisho. Anayetaka kujua muziki unajengwa namna gani atachagua Oakland.

Mhakiki Greil Marcus aliisifu sana santuri hiyo katika gazeti la Rolling Stone mwanzoni mwa mwaka wa 1970. Mwezi wa Septemba mwaka huo, Decca ikatoa albamu halali ya ziara ile ile, Get Yer Ya-Ya's Out!, iliyochukuliwa Baltimore na katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwishoni mwa Novemba 1969. Kati ya nyimbo 10 za albamu hiyo, 8 zilikuwa tayari katika santuri ya magendo. Watu wengi wamesema kwamba ni mwizi aliyeilazimisha kampuni kutoa albamu. Hapo panahitaji uangalifu. Kundi lilikuwa limekwisha kurekodi maonyesho yake ya New York kabla ya santuri ya magendo kuenea. Nia ya kurekodi ilikuwako. Kilichokosekana ni haraka. Mwizi alihitaji mwezi mmoja hivi, wenyewe walihitaji miezi tisa.

Wanaotetea santuri za magendo wana hoja ambazo si za kutupwa. Wanasema kampuni zilikuwa tajiri na zilikaa kimya. Wanasema tiketi za ziara ile zilikuwa ghali, na kweli mwandishi Ralph Gleason wa San Francisco Chronicle alilalamikia bei hizo waziwazi. Wanaongeza kwamba sheria yenyewe ilikuwa na tundu: hadi tarehe 15 Februari 1972, sheria ya shirikisho ya Marekani ilikuwa haijalinda sauti iliyorekodiwa. Ililinda utunzi wa wimbo tu.

Lakini ni hapo hapo ambapo hoja yao inavunjika. Ikiwa utunzi ulilindwa, basi mtunzi alipashwa kulipwa. Na watunzi katika santuri ile hawakuwa Mick Jagger na Keith Richards peke yao. Nyimbo mbili kati ya zile 10, Carol na Little Queenie, ni za Chuck Berry, Mmarekani mweusi ambaye gitaa lake liliwafundisha vijana wa Uingereza rock ni nini. Anayedai kwamba alikuwa analipiza kisasi kwa kampuni tajiri, alitia pia mfukoni mwake jasho la Chuck Berry. Mwizi huwa anataja jina la tajiri, lakini mkono wake haukomi kwa tajiri.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo yanachanganywa kila siku, na ni vema kuyatenganisha. Jambo la kwanza ni mtu kuchukua sauti ya tamasha ili akumbuke, asikilize nyumbani, ampe rafiki. Jambo la pili ni mtu kuchapa maelfu ya nakala na kuziuza kwa faida yake. La kwanza ni upendo wa muziki. La pili ni biashara ya mali ya mwengine. Grateful Dead, wale wale waliotoa vyombo vyao Oakland, walilielewa jambo hilo mapema kuliko wengi. Waliacha mashabiki wao warekodi, na mwaka wa 1984 wakawatengea hata sehemu yao ya kusimama ukumbini na mikro zao. Sharti lilikuwa moja: kubadilishana kanda ndiyo, kuuza hapana. Kundi halikufa njaa kwa sababu hiyo. Watu walizidi kununua tiketi.

Kwa Wacongomani, swali hili lina mfano wake wa nyumbani, tena unaoonyesha hatari ya upande wa pili. Tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, ulipokea tamasha la Zaire 74. Lilitayarishwa na Hugh Masekela na Stewart Levine ili litangulie ngumi za Muhammad Ali na George Foreman, ambazo mwishowe zilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman aliumia juu ya jicho. James Brown alipiga, B.B. King alipiga, Miriam Makeba aliimba. Wenyeji walikuwa Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na wengine.

Huko hapakukosekana mashine. Mafundi wa kazi walikuwako, kamera zilikuwako, sauti ilichukuliwa vizuri. Lakini mabishano ya pesa na ya haki yakafunga kila kitu. Filamu When We Were Kings, iliyohusu zaidi ngumi zenyewe, ilitoka mwaka wa 1996. Filamu ya tamasha lenyewe, Soul Power, ilitoka mwaka wa 2008. Albamu ya wasanii wa Afrika waliopiga Kinshasa siku zile ilingoja hadi mwaka wa 2017. Hiyo ni miaka 43. Franco alifariki mwaka wa 1989, Abeti mwaka wa 1994, Makeba mwaka wa 2008, Tabu Ley mwaka wa 2013. Hakuna hata mmoja wao aliyeishika albamu hiyo mkononi.

Oakland, muziki ulifika kwa watu ndani ya wiki chache, lakini kwa mikono ya mwizi. Kinshasa, muziki ulikuwa mikononi mwa wenye haki zake, lakini ulifungiwa mpaka waimbaji wakazikwa. Anayelaani la kwanza peke yake hajamaliza kazi. Sheria inayomlinda msanii dhidi ya mwizi ni nzuri, lakini haimsaidii kitu ikiwa kazi yake inaozea kabatini.

Congo ina sheria. Amri yenye nguvu ya sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi na haki jirani, na shirika la SOCODA lina kazi ya kukusanya na kugawa pesa za haki hizo. Pamoja na hiyo, nyimbo zinaendelea kujazwa kwenye flash na kadi za telefone kwa franga chache, na mtunzi haoni kitu. Kuwafukuza vijana wanaouza hivyo barabarani hakutamaliza tatizo, kwa maana kesho watakaa kona nyingine. Mnunuzi yuko, na hakuna aliyemletea kitu halali cha kununua.

Kazi iko kwanza kwa watayarishaji wa matamasha na kwa wasanii wenyewe. Kila tamasha lichukuliwe sauti moja kwa moja kutoka meza ya sauti, hata likiwa dogo, hata ampli zikiharibika katikati. Mkataba useme kabla ya onyesho ni nani mwenye kanda, itatoka lini, na kila mpigaji atapata ngapi. Muda ukipita bila kutolewa, haki irudi kwa wasanii. Na msanii asione aibu ya usiku usiokamilika: watu waliinunua Oakland pamoja na ulegevu wake wote.

Msikilizaji naye ana sehemu yake. Kurekodi wimbo mmoja kwa telefone ili umkumbushe furaha yake si kosa la kumfanya mtu mwizi. Kuuweka sokoni ni jambo jingine. Siku msanii atakapomletea usiku ule kwa bei anayoiweza, na kwa wakati, hatakuwa na sababu tena ya kununua kwa mwengine. Na pale ambapo bado ana sababu hiyo, lawama ya kwanza isimwangukie yeye, bali wale walioacha muziki bila mtunzaji.