Chandarua cha Mpemba si anasa

Ndugu yetu ameandika kwamba damu ya Mpemba imeizoea malaria, basi vyandarua ni anasa. Nakataa. Kweli ipo kinga ya kurithi: mwenye jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hukingwa sana na malaria kali, lakini kuambukizwa huambukizwa. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa wa selimundu, na malaria humuua upesi. Tena Kilifi, Kenya, utafiti wa 2005 ulionyesha kinga hiyo ya jeni ya mzazi mmoja ikikaribia kutoweka kwa waliorithi pia alfa-thalasemia, hitilafu nyingine ya damu. Hapa Pemba, katika jaribio lililofanywa malaria ikiwa bado tele, vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki viliwaongezea watoto hatari ya kulazwa au kufa kwa asilimia 12. Vikasitishwa Agosti 2003. Ndiyo damu iliyozoea? Mtoto wa Micheweni anayenyimwa chandarua, mwandishi amempima kujua kama ana jeni ya selimundu?