Glavu za Dereva wa Lori Zinunuliwe na Nani?

 

Katika misikiti ya huku milimani swali linalorudi mara kwa mara baada ya swala ni la udhu wa mwenye jeraha. Mtu amefunga kitambaa kiganjani, anataka kujua aoshe wapi, apanguse wapi na atayamamu lini. Jawabu lake limo katika vitabu vya fiqhi na kila mwalimu wa madrasa analijua. Lakini muulizaji akiwa ni dereva wa lori, au utingo wake, lipo swali jingine ambalo hakuliuliza, nalo ni zito zaidi: mkono huo uliumiaje, na nani alikuwa na wajibu wa kuukinga?

Asimamaye juu ya jabali la Irente, kilometa chache kutoka mjini Lushoto, huona chini yake tambarare ya Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Wageni hupiga picha wakaondoka. Sisi tunaoishi huku tunajua kuwa mazao ya milima hii hushuka kwa malori: kabichi, karoti, viazi vya Lukozi, matenga ya nyanya, na mbao za msitu wa Shume. Hupita Soni hadi Mombo, mwendo wa kilometa thelathini na ushee wa kona juu ya kona, ndipo yakaelekea masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Watu husifu ustadi wa dereva kwenye usukani. Wachache hutazama anavyofanya kazi gari likiwa limesimama.

Hapo ndipo mikono inapoharibika. Turubai hukazwa kwa kamba, na kamba ya katani au nailoni ikiteleza kiganjani chini ya uzito wa mzigo huunguza kama moto. Tairi likipasuka karibu na Soni usiku, mtu hushika spana baridi na rimu yenye kutu, na pengine karibu na breki ambazo bado zina moto wa mteremko. Mbao zina vibanzi. Mabati na nondo, ambayo lori hupandisha linaporudi, yana makali. Dizeli na grisi hukausha ngozi hadi ikapasuka, na maji ya betri huila. Mwenye kuyafanya hayo kwa miaka kumi mikono mitupu, mkono wake huwa hauwezi tena kufumba vizuri, na huo ndio mtaji wake pekee.

Sasa waulize wahusika nani anunue glavu. Tajiri wa gari husema: mimi nimetoa gari, mafuta na matengenezo, mambo ya mwilini mwake ajitegemee. Mfanyabiashara wa mboga husema: mimi nimekodi lori, sikukodi dereva. Dereva naye, akijua kuwa wapo wengi wanaoisubiri nafasi yake, hununua jozi ya bei rahisi kabisa kutoka kwenye posho ya safari, au hanunui. Tuelewane hapa: pesa hiyo haitoki hewani. Imetoka kwenye unga, kwenye daftari za shule na kwenye dawa ya mtoto. Mke wa dereva ndiye anayelipia glavu hizo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Sheria ya nchi katika jambo hili haina utata mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imemtwika mwajiri wajibu wa kutoa vifaa vya kujikinga. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 155 wa mwaka 1981, lilikwishaandika kuwa hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Hata Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake. Mantiki ni moja: anayefaidika na kazi ndiye abebe gharama ya hatari yake.

Lakini wasomaji wa ukurasa huu watataka kujua wanazuoni wanasemaje, maana wapo matajiri wa magari wanaoswali safu ya mbele na ambao neno la sheria ya serikali haliwagusi sana. Glavu za lori hazikutajwa katika vitabu vya kale. Yaliyotajwa ni mambo yanayokaribiana nazo mno. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj, kitabu maarufu kwa Mashafii wa Afrika Mashariki, anazungumzia katika mlango wa ijara ni nani atoe wino wa mwandishi, uzi wa mshonaji na wanja wa tabibu wa macho. Kauli anayoianza ni kuwa vitu hivyo si wajibu wa mfanyakazi. Kisha anaeleza kuwa Imam Rafii aliona sahihi jambo hilo lirudishwe kwenye ada ya watu, na ada ikiwa inayumba, basi ni lazima jambo hilo libainishwe katika mapatano, vinginevyo ijara inabatilika.

Msomaji atulie hapo kidogo. Ada ya malori yetu inayumba au haiyumbi? Mwenye gari mmoja hutoa glavu, wa pili hatoi, wa tatu hutoa kisha akakata kwenye malipo. Hiyo ndiyo ada inayoyumba. Kwa hiyo mapatano ya dereva na tajiri yasiyotaja jambo hili yana dosari ya kifiqhi kabla gari halijawashwa, na hapana kati yao anayejua.

Katika mlango huo huo imo habari ya mnyama wa kukodi. Anayekodisha mnyama ndiye anayetoa matandiko, mkanda wa tumbo na hatamu, yaani vile ambavyo bila hivyo mnyama hawezi kutumika. Kwa kiyasi hicho, naona jeki, spana ya magurudumu, turubai na kamba ni vya mwenye lori, na glavu zinafuata kamba, kwa kuwa kamba isiyoshikika bila kumchuna mtu haijakamilika kuwa chombo cha kazi. Hiki ni kiyasi changu, na mwenye elimu zaidi anaweza kukijadili. Kinamjibu pia yule tajiri anayedai kuwa dereva si mwajiriwa wake kwa vile analeta hesabu ya kila siku na kubaki na kinachozidi. Ikiwa kweli dereva amekodi gari, basi tajiri ni mkodishaji, na mkodishaji ana wajibu wake.

Juu ya hayo yote kuna hadithi ya Abu Dharr (RA), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (SAW) aliwafanya wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu, akaamrisha walishwe na kuvishwa katika kile tunachokula na kuvaa, wasitwishwe wasichokiweza, na wakitwishwa wasaidiwe. Tajiri akienda mwenyewe kusaidia kufungua tairi, aghalabu hutafuta glavu kwanza. Basi anajua zinahitajika.

Husemwa kuwa glavu ni vazi, na kila mtu huja kazini na vazi lake. Hoja hii ina sehemu ya ukweli. Marekani walipoweka kanuni mwaka 2007 ya kumtaka mwajiri alipie vifaa vya kujikinga, waliacha nje mavazi ya kila siku na yale ya kujikinga na baridi tu. Ni mgawanyo wa haki. Glavu za sufu ambazo dereva huvaa alfajiri ya mwezi wa Julai kule Shume, kwa sababu ya ubaridi, anunue mwenyewe kama anavyonunua sweta. Zile za kukazia mzigo hazivai akienda harusini wala sokoni. Zinachakaa kwa ajili ya mzigo wa mtu mwingine.

Makuli wanaopakia shambani ni habari tofauti. Hao huajiriwa na mfanyabiashara kwa gunia au kwa tenga, na glavu zao ni juu yake, hata kama kazi ni ya saa mbili. Dereva asiwaazime zake kisha yeye abaki bila.

Tukija kwenye kuchagua, kosa la kawaida ni kununua jozi moja na kuitaka ifanye kila kitu. Kwa kamba, mbao na matairi, ngozi ya ng'ombe iliyoongezwa kipande cha pili kiganjani na kati ya kidole gumba na cha shahada ndiyo inayodumu, kwani hapo ndipo kamba inapopita. Upande laini wa juu wa ngozi hustahimili maji na kuvutwa kuliko ule wenye manyoyamanyoya wa ndani, ingawa wa ndani ni rahisi zaidi. Tazama mshono: uzi mmoja hukatika mapema. Glavu nene za wachomeleaji hazifai, maana mtu hawezi kushika nati nazo, atazivua, na kilichovuliwa hakikingi. Kwa dizeli na grisi ngozi haifai kabisa, hufyonza mafuta na kuyahifadhi juu ya mkono. Huko zinahitajika zile za mpira wa naitrili.

Katika maduka makubwa ya vifaa, baadhi ya glavu zina alama ya nyundo ndani ya ngao, na chini yake tarakimu. Ni kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 388. Tarakimu ya kwanza ni kustahimili msuguano, ya pili mkato, ya tatu kuchanika na ya nne kuchomwa, na kubwa ni bora: mwisho ni 4, isipokuwa mkato ambao mwisho wake ni 5. Tangu mwaka 2016 huongezwa pia herufi ya mkato, A hadi F. Kwa mtu wa kamba na mbao, angalia zaidi ya kwanza na ya tatu. Abebaye mabati aangalie mkato. Alama pia hughushiwa, kwa hiyo vuta mshono kwa mikono miwili kabla ya kutoa pesa.

Na saizi iwe ya mkono wa mvaaji. Glavu pana hunaswa, na karibu na feni na mikanda ya injini inayozunguka zivuliwe kabisa, kwani zitauvuta mkono wote. Wala dereva asishike usukani na glavu za kazi kwenye kona zile. Kiganja kinahitaji kuusikia usukani. Hapo Irente ipo shule ya watoto wasioona, ambao husoma kwa ncha za vidole. Wao hawahitaji kuelezwa thamani ya ngozi ya kidole.

Nirudi kwa tajiri na hesabu zake. Jozi inayogharimu mara tatu lakini ikadumu miezi sita ni nafuu kuliko ile inayotoboka wiki ya pili, na siku moja ya gari kulala njiani kwa sababu dereva ameumia mkono na mboga zinaoza inazidi bei ya glavu za mwaka. Wengi wa matajiri hawa ni watu wakarimu. Ramadhani hutoa tende na sukari kwa madereva wao, Allah awalipe. Lakini zawadi haiwezi kusimama mahali pa haki, na glavu hazihesabiwi katika zaka wala sadaka, kwa sababu mtu halipi deni lake kwa zaka yake.

Dereva naye ana amana. Glavu alizopewa akiziuza, au akazitupa mvuani kwa uzembe, ana dhamana. Zikichakaa kwa kazi hana dhamana, kwani mkono wa mfanyakazi juu ya chombo cha kazi ni mkono wa amana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakaribiana na hilo: mwajiri hakati mshahara kwa kupotea au kuharibika kwa kitu ila kwa kosa la mfanyakazi, baada ya kumweleza kwa maandishi na kumpa nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Anayekata shilingi za glavu zilizotoboka kwa kamba anavunja zote mbili, sheria na fiqhi.

Inatosha mstari mmoja katika mapatano, ukiandikwa au ukisemwa mbele ya mashahidi: jozi ya ngozi na jozi ya mpira kwa dereva, na vivyo hivyo kwa utingo, kwa gharama ya mwenye gari, zibadilishwe zikitoboka. Dereva aliyejinunulia lori lake kwa mkopo amekwisha kuwa mwenye gari, na utingo wake ana haki hiyo hiyo kwake.

Ama fedha zilizokwisha kukatwa miaka iliyopita, ni mali ya waliokatwa. Zirudishwe, au mwenye gari aombe kusamehewa na dereva mwenyewe kwa ridhaa isiyo na hofu ya kupoteza kazi. Na ikiwa dereva huyo amefariki, basi fedha hizo ni sehemu ya mirathi yake, wapelekewe warithi.