Anayechimba Chini ya Watu Awaondoe Kwanza

Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu 31. Walioshuhudia walieleza kwamba chini yake kulikuwa kunachimbwa ili kupanua nafasi ya biashara, huku juu watu wakiuza na kununua. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Sisi tunahukumu desturi yenyewe: kuchimba chini ya jengo lenye watu ni kosa, na hakuna ofisi inayostahili kutoa kibali cha kazi hiyo.

Msiba ule ni wetu pia. Mwenye duka wa Ihanda, huku kwetu Karagwe mkoani Kagera, akifuata mzigo Dar es Salaam, huingia katika majengo hayohayo. Na huku kwenye miteremko yetu, mwenye kiwanja cha chini anaweza kukata ukingo wima hadi ukutani kwa jirani, kisha akaacha shimo wazi akisubiri fedha. Mvua haimsubiri.

Udongo ukiondolewa, ule wa pembeni husogea kuelekea shimoni na msingi ulio juu yake hushuka. Nyumba ikishuka sawasawa huweza kustahimili. Ikishuka upande mmoja hupasuka. Kinga yake inajulikana. Kingo zishikiliwe kabla ya kwenda chini zaidi. Msingi wa zamani uongezewe zege kwa vipande vifupi, kimoja kikauke ndipo kingine kichimbwe. Maji yasivutwe ovyo, maana kuyavuta nako hushusha ardhi. London, miaka ya 1990, wahandisi waliochimba kituo cha Westminster waliupima mnara wa Big Ben muda wote, wakasukuma saruji ya majimaji ardhini kuuzuia usiiname. Fundi wetu aanze na kiraka cha plasta juu ya ufa, akiandikie tarehe. Kikipasuka, kazi isimame siku hiyohiyo.

Baada ya msiba ule, Waziri Mkuu wa wakati huo aliunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Ukaguzi usiishie huko. Kagera ilitikiswa na tetemeko la 10 Septemba 2016, na jengo lililowahi kutikiswa halifai kuchimbuliwa ubavuni kwa kubahatisha. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zikatae kila ombi la uchimbaji lisilo na saini ya mhandisi aliyesajiliwa, anayewajibika pia kwa msingi wa jirani. Nawe mpangaji, ukiona ufa unapanuka huku chini kunachimbwa, toka na watu wako kwanza, ndipo utoe taarifa.