Wachukuzi wa Vigingi



Mwalimu mmoja kijana ametuletea barua, naye hapendi jina lake litajwe. Asema hivi: “Nimesoma miaka mingi, nikapata cheti changu, nikatumwa hapa nipate kufundisha. Lakini padre amenikabidhi funguo za kanisa, na kengele, na ufagio. Wenzangu wasimama mbele ya watu, nami nafagia. Je, ndiyo kazi niliyoisomea?”

Barua hii hatukuicheka, maana neno hilo lilikuwamo hata moyoni mwetu zamani. Tulipotoka chuoni tulikuwa vijana wa kanzu nyeupe na majivuno mengi. Katekista mzee tuliyewekwa chini yake alitupa kazi ya kupiga kengele mara mbili kila Jumapili: ya kwanza, watu waondoke makwao, ya pili, wajue ya kuwa Misa i karibu. Tukaona haya kushika kamba mbele ya watoto tuliowafundisha. Basi kazi hiyo tukampa mtoto mmoja, nasi tukaketi na vitabu vyetu.

Jumapili moja mtoto yule alipiga kengele ya kwanza, kisha mvua ikashuka, naye akakimbilia kwao. Ya pili haikupigwa, wala sisi hatukuangalia. Palikuwa na bibi mmoja kipofu, ambaye kila Jumapili huongozwa na mjukuu wake. Siku ile mjukuu ana homa, na bibi hataki kukosa Misa. Akatoka peke yake na fimbo yake, akitumaini kwamba kengele ya pili itamwonyesha upande wa kanisa. Tulimkuta adhuhuri ameketi katikati ya shamba la mtama, nguo zimelowa, anatetemeka. Tukaanza kumwomba radhi. Akajibu, “Mwalimu, nalikaa nikingoja kuitwa. Sikuitwa.”

Mafundisho tuliyoyaandaa siku ile tumeyasahau yote. Neno la bibi yule hatujalisahau.

Tangu hapo tumependa kuzisoma zile sura za Kitabu cha Hesabu ambazo wengi huziruka, wakisema ni orodha ya majina tu. Humo twaona jinsi Walawi walivyogawiwa kazi ya kuihamisha hema ya Mungu jangwani. Wana wa Kohathi walichukua sanduku la agano na vyombo vitakatifu. Wana wa Gershoni walichukua mapazia. Na wana wa Merari je? Walipewa mbao, na nguzo na vikalio vyake, na vigingi, na kamba. Ni nani kati yetu ambaye angechagua kuzaliwa katika ukoo wa vigingi?

Lakini tazameni hesabu yenyewe. Wanaume wenye umri wa miaka 30 hata 50 walihesabiwa kwa ajili ya kazi hiyo. Wana wa Kohathi walikuwa 2,750. Wa Gershoni 2,630. Wa Merari 3,200. Wachukuzi wa vigingi walikuwa wengi kupita wachukuzi wa sanduku! Tena Mungu aliagiza mizigo ya wana wa Merari itajwe kwa majina, kila mtu ajue alichokabidhiwa. Basi hata kigingi kina jina mbele zake. Na kila aliyepata kulala hemani afahamu sababu: upepo wa usiku ukija, na vigingi vimeng’oka, hema huanguka, na kilichomo ndani hulowa, kijapokuwa ni kitakatifu namna gani.

Yuko na mtu mwingine wa kukumbukwa, naye ni Kora. Alikuwa wa ukoo wa Kohathi, wenye kazi ya heshima. Lakini haikumtosha, akautaka na ukuhani, akapotea katika uasi wake. Wanawe hawakufa pamoja naye. Nasi twasoma katika Kitabu cha Mambo ya Nyakati kwamba wajukuu wa ukoo huo walikuwa mabawabu wa nyumba ya Mungu, na kazi ya mabawabu ilikuwa kuifungua kila siku asubuhi. Baba aliiona kazi kubwa kuwa ndogo. Uzao wake ukaiona kazi ndogo kuwa kubwa.

Na tusidhani hayo ni ya kale tu. Yuko Mtakatifu Josephine Bakhita, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa Darfur katika Sudani karibu na mwaka wa 1869. Aliibwa angali mtoto, akauzwa mara nyingi. Jina la Bakhita alipewa na wezi wake, nalo maana yake ni mwenye bahati. Alifika Italia, akabatizwa mwaka wa 1890, akaweka nadhiri za utawa mwaka wa 1896. Katika mji wa Schio alipika, alishona, alitunza sakristia, akakaa mlangoni kuwapokea waliobisha. Akafa tarehe 8 Februari 1947. Na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo II akamtangaza kuwa mtakatifu. Yeye aliyejua utumwa wa kweli hakuuita utumishi wa kanisa utumwa.

Ndugu walimu, twawaomba neno moja. Mtoto akichelewa shuleni, msimpe ufagio wa kanisa kuwa adhabu. Mkifanya hivyo mwamfundisha kwamba kuitengeneza nyumba ya Mungu ni aibu ya wakosaji, na fundisho hilo atalishika kuliko katekisimu. Mpeni ufagio yule aliyefanya vema, nanyi shikeni mwingine, mfagie pamoja.

Nanyi akina baba, msiwaachie wake na binti zenu peke yao kazi ya kuteka maji na kufua vitambaa vya altare. Mwana akimwona baba yake amebeba benchi la kanisa begani, hataona haya kulibeba atakapokuwa mtu mzima. Nanyi akina mama, mkiwa mmeinama juu ya vitambaa vile, msiseme, “Nikimaliza nitakwenda kusali.” Kama moyo u pamoja na mikono, sala imekwisha kuanza.

Sasa twamjibu mwandishi wa barua. Mwanetu, hatusemi cheti chako ni bure; siku ya kufundisha itakuja, nawe uwe tayari. Lakini usihesabu siku hizi kuwa za kungojea tu. Kesho ukifungua mlango, kumbuka mabawabu wale wa kila asubuhi. Ukifagia, angalia mahali wazee watakapopiga magoti. Na saa ya kengele ya pili ikifika, usimwachie mtu mwingine kamba ile. Ivute kwa nguvu, hata kama mvua inanyesha. Huenda yuko mtu katikati ya mtama, amesimama na fimbo yake, akingoja kuitwa.